Kwa Nini Baiskeli Yangu Inalia

Jamani, mmeniuliza barazani, mmeniuliza msikitini, na juzi mmemtuma hata muuza maandazi aniulize. Hemedi, wewe uliyekuwa ukitusimamisha njiani kutuambia cheni zetu kavu, mbona siku hizi baiskeli yako yasikika tangu Kiegeani? Umeishiwa oili, au umeishiwa akili? Kila nikianza kujibu mnacheka. Mkicheka nakasirika, na nikikasirika maneno yananipotea. Basi nimekaa chini nimeandika. Someni kwa zamu, na mwenye kucheka acheke nyumbani kwake.

Mnanijua. Baiskeli yangu ni ile nyeusi ya mtalimbo, yenye chuma cha juu toka siti hadi usukani, niliyoinunua kabla sijaota ndevu, na mpaka leo rangi yake ni ile ile ya kiwandani. Kila Ijumaa asubuhi naipindua matairi juu, nasugua spoku moja moja kwa kitambaa. Mfukoni sikosi chupa ndogo ya oili ya cherehani. Nimekuwa fundi wa matengenezo hotelini miaka mingi, na siku zote nimeamini kwamba mtu humsomi usoni, unamsoma kwenye baiskeli yake. Mwenye tairi upara ana deni la usingizi. Mwenye kengele mbovu hasalimii watu. Mwenye cheni yenye kutu, huyo hata mkewe namhurumia.

Na ndivyo nilivyokutana na Zuhura. Mtakumbuka ile harusi ya hapa Utende, watu wa Bweni walipokuja. Alikuwemo mama mmoja wa makamo, mjane, kaja na baiskeli yake kutoka huko juu kabisa mwisho wa kisiwa, kajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Nikaitazama baiskeli, nikashindwa kujizuia.

"Bibi, breki yako ya mbele imekufa."

Akanitazama toka viatu mpaka kofia. "Nimetoka nayo Bweni mpaka hapa. Imekufa saa ngapi?"

Wallahi sikulala vizuri siku ile. Tangu marehemu mke wangu atangulie, Allah amrehemu, miaka sita sasa, nachemsha chai ya kikombe kimoja na nainywa nikitazama ukuta. Hakuna aliyenijibu hivyo miaka sita. Nasema wazi, kwa kuwa mtacheka tu: nilitaka kumwoa yule mama. Nikatuma salamu mara mbili, tatu, kupitia kwa watu wa harusi. Jibu likaja: asilete mshenga, aje mwenyewe aonane na mama yangu na kaka yangu. Na asije kwa gari, aje kwa baiskeli.

Asije kwa gari, aje kwa baiskeli! Nikajua basi, huyu mwanamke ana macho. Anataka kuiona baiskeli yangu ilivyotunzwa, ajue na yeye atatunzwa. Nikanunua matairi mapya mawili, nikaisugua siku tatu. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nilikuwa bado sijatoka mlangoni.

Utende hadi Kilindoni

Kipande hiki mnakijua, lami tupu, sina la kuwasimulia ila kwamba nilikipita nikiwa na furaha. Asubuhi ilikuwa na ubaridi mzuri. Nilipiga kengele kwa kila niliyempita, na kila niliyempita nikamkagua. Palikuwa na mzee kabeba mikungu miwili ya ndizi na madigadi yake yakigonga tairi. Palikuwa na mwalimu mmoja ambaye siti yake ipo chini mno, magoti yanakaribia masikio. Kwa heshima ya safari niliwanyamazia wote wawili.

Kilindoni nilitaka kununua doti ya kanga kwa ajili ya mama yake Zuhura, maana mtu haendi kuposa mikono mitupu. Nikakuta duka la kanga limefungwa, mwenyewe kaenda mazikoni, atarudi alasiri. Nikaegesha baiskeli kwenye kivuli cha fundi baiskeli jirani na soko, nikaagiza supu ya pweza na chapati, nikakaa kungoja.

Sasa pale kwa fundi pana wakaguzi kunishinda mimi. Wamekaa wazee wanne juu ya gogo, kila baiskeli ikipita wanaihukumu. Ikapita moja imefungwa maua ya plastiki usukanini, vioo viwili, na pindo la kitambaa chekundu kwenye siti.

"Hii ni baiskeli au bibi harusi?" akasema mmoja.

"Mwenyewe fundi cherehani," akajibu mwingine. "Vipande vikimzidi dukani anaivalisha."

Nikacheka nao. Kisha wakaigeukia yangu. Wakaizunguka kimya kimya. Mmoja akainama akapitisha kidole chini ya pedeli, akakitazama kidole, hakuna kitu.

"Ndugu," akaniuliza, "baiskeli hii inafanya kazi gani?"

"Naiendesha."

"Kila baiskeli inaendeshwa. Nauliza kazi. Haina alama ya kamba, haina mkwaruzo wa tenga, haijabeba hata nazi. Baiskeli ya hivi mwenyewe hana kazi, au anatafuta mke."

Nikainamia supu. Wakacheka mpaka fundi akaangusha spana. Hilo la kwanza lilinichoma, na hilo la pili ndilo lilikuwa kweli.

Kilindoni hadi Miburani

Mwenye duka karudi jua limeshaanza kuinama. Nikachagua doti nzuri ya maua meupe, nikaifunga kwenye keria ndani ya mfuko, nikapanda mpaka Miburani kwa binamu yangu Rukia. Safari fupi, lakini siku ilikuwa imekwisha.

Rukia alinipikia muhogo wa nazi na samaki wa kupaka. Tulipokuwa tunakula nikamweleza ninakokwenda na kwa nini. Akafurahi, akapiga kigelegele kidogo. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Kaka Hemedi, nakuomba kitu kimoja. Ukifika huko usiwakague watu baiskeli zao. Huo mdomo wako huo! Wifi yangu marehemu alikuwa mvumilivu, lakini si kila mtu amezoea."

"Sitasema neno," nikamwambia.

"Apa."

"Wallahi sitasema neno."

Na kweli, jamani, kiapo nilikitimiza. Neno sikusema.

Miburani hadi Kirongwe

Nimetoka baada ya sala ya alfajiri. Njia ya kaskazini haina adabu. Unakwenda vizuri, mara mchanga unakumeza tairi mpaka ringi, unashuka, unakokota, unapanda, unashuka tena. Baleni nilisimama nikanywa dafu mbili. Mama aliyenikatia akaniuliza naenda wapi. Nilipomwambia Bweni akaitazama baiskeli yangu, akasema, "Masikini, itachafuka." Nikaona huyu angalau anajua thamani ya kitu.

Nilifika Kirongwe jua la utosi, njaa imenishika. Nikaingia kwenye genge la mama mmoja mpika mihogo na kachori. Niko katikati ya kula, nikasikia sauti njiani. Sijui niiandikeje. Kwii, kwaa. Kwii, kwaa. Chuma kikavu kinasagana na chuma kikavu, na juu yake springi za siti zinalia. Meno yaliniingia ganzi. Yule mama mwenye genge aliposikia akaacha kikaango, akachukua beseni, akatoka mbio. Wanawake wengine wawili nao nikawaona wanatoka majumbani, kila mmoja na chombo chake.

Nikajisemea, loo, kelele mpaka watu wanakimbia nyumba zao.

Angalieni akili yangu ilivyokuwa. Sikujiuliza mtu anayekimbia kelele hubeba beseni la nini.

Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaenda msikitini. Nilipotoka, jamaa wengine bado wako ndani wanavuta uradi, naikuta baiskeli imeegeshwa ukutani ubavuni mwa yangu, imeilalia kabisa. Nikaijua kabla haijalia. Haina madigadi. Siti ni gunia. Keria ina tenga la samaki, na fremu nzima imefungwafungwa vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, sijui vinazuia nini. Kutu yake imeshapaka alama nyekundu kwenye mtalimbo wangu. Niliifuta kwa kitambaa, moyo unaniuma.

Ningesema neno, lakini niliapa. Basi nikatoa chupa yangu. Nikasema moyoni, huyu maskini hana hata mtu wa kumsaidia, na thawabu hazidharauliwi. Nikachuchumaa. Nikatia oili kwenye pedeli zote mbili, kwenye cheni pingili kwa pingili, kwenye ekseli, kwenye springi za siti. Nikazungusha pedeli kwa mkono mpaka ikanyamaza kabisa. Nikafuta, nikafunga chupa, nikaondoka kabla mwenyewe hajatoka, maana sadaka nzuri ni ile ya siri. Nilipanda baiskeli yangu nikiwa nimeridhika mno na nafsi yangu.

Kirongwe hadi Kanga

Nyani haoni kundule. Mimi fundi, mimi mkaguzi, nilikuwa nimenunua matairi mapya na kwa kuwa ni mapya sikubeba kiraka wala gundi. Nilipoipita Kanga kidogo, mwiba mmoja ukanisomesha. Pssss. Nikashuka, nikasimama katikati ya njia na baiskeli inayong'aa na tairi bapa.

Nimesimama muda mrefu. Alipita mama na kuni, akanipa pole. Alipita jamaa wa bodaboda, akasema baiskeli nzuri hiyo, akaenda zake. Nikaanza kukokota. Mara nashtukia mtu pembeni yangu, kaja bila mshindo wowote, nikaruka kama aliyekanyaga taa wa baharini.

"Asalaam aleikum. Samahani, nimekutisha," akasema. "Leo kila mtu ninamtisha."

Alikuwa mtu wa makamo yangu, mwembamba, kofia ya kiua imefifia. Nikaitazama baiskeli yake. Gunia, tenga, mipira ya tyubu. Ni ile ile ya msikitini.

Hakuniuliza mara mbili. Akaipindua yangu, akatoa tairi kwa vijiko viwili vya kulia chakula, kisha akafungua kipande kimoja cha ule mpira kwenye fremu yake, akakikata kwa kisu cha samaki, akatoa gundi chini ya gunia la siti. Kumbe ile mipira niliyoidharau ndiyo duka lake. Na anazungumza huku anafanya kazi.

"Baiskeli yangu leo sijui ina nini. Imeingia msikitini nzima, imetoka bubu. Mimi ni mtu wa samaki. Wanawake wa hapa Kanga wakinisikia wanatoka na mabeseni, sijawahi kupiga kelele hata siku moja. Leo nimepita mtaa mzima mpaka mwisho, hakuna aliyetoka. Nimerudi nikaita kwa mdomo, wakanijibu, 'Nani wewe?' Samaki wengine ndio hawa, wamebaki." Akalifunika tenga vizuri kwa majani. "Sijui ni nani kaigusa."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Nami nikasema, "Pole sana."

"Mtu kaigusa tu," akarudia, ananitazama. "Mtu mwenye oili."

"Dunia hii," nikasema.

Aibu iliyonishika sijaipata kuiona. Akamaliza kiraka, akapuliza tairi kwa pampu yake, akaiweka baiskeli yangu sawa. Nikamshukuru, na kwa kukosa la kufanya na mikono, nikatoa kitambaa changu nikampa afute vidole. Akafuta, akakirudisha taratibu.

"Waitwa nani, ndugu?"

"Hemedi. Natoka Utende."

"Hemedi wa Utende," akasema, kama anayeonja chumvi. "Haya. Wafika Bweni leo?"

"Inshallah. Nina shughuli."

"Basi mimi natangulia, samaki hawangoji." Akapanda, akaenda, na baiskeli yake ikateleza mchangani bila kulia hata kidogo. Kazi yangu ilikuwa safi kabisa.

Kanga hadi Bweni

Kipande hiki sikumbuki nilipita wapi. Nakumbuka tu kwamba sikumkagua mtu. Mara nilijiambia si kitu, samaki wachache tu. Mara nilijiambia nikifika Bweni nitamtafuta yule bwana nimwombe radhi, baada ya shughuli yangu. Kisha nikajiambia labda hata sitamwona tena. Bweni si kubwa, lakini mtu akitaka kujidanganya hupata nafasi.

Nilifika kabla ya magharibi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikauliza nyumba ya Bi Mwanahawa, mama yake Zuhura, nikaelekezwa kupita mikorosho mitatu. Nikapita. Na ukutani mwa nyumba ile nikaiona baiskeli ya gunia na tenga, imeegeshwa.

Yangu nikaiegemeza kwenye mkorosho, mbali nayo.

"Hodi."

"Hodi ya nani?" Sauti ya kikongwe kutoka uani, kali. "Leo kila mtu ananiingilia kama mwizi!"

Zuhura akatokea mlangoni. Akaniona, akatabasamu kidogo, kisha akaficha tabasamu. "Karibu. Umefika siku yenye mambo."

Uani alikaa Bi Mwanahawa juu ya kibao, macho yake yamefifia kabisa, anatazama upande sauti inakotoka. Na juu ya mkeka alikaa yule mtu wa samaki, kashikilia kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Chini ya kitambaa pana nundu.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba. Ndiwe wa Utende? Kaa usikie nilivyofanyiwa leo. Huyu mwanangu Shomari akifika kwenye mikorosho mimi namsikia. Miaka yote. Namwambia Zuhura tia chai, kaka yako huyo. Leo nimekaa peke yangu hapa, Zuhura kisimani, baiskeli sikuisikia, nasikia nyayo tu. Nikasema huyu si Shomari. Nikanyamaza. Akakaribia, akakaribia. Nikamtia mwiko."

"Mwiko wa ugali, Mama," akasema Shomari kwa unyonge. "Si ule wa wali."

"Ningekuwa na mchi ningekutia mchi! Mja laana gani huyo aliyeigusa baiskeli ya watu? Mimi macho Mungu kayachukua, nimeshukuru. Nimebakiwa na sauti ya mwanangu anapokuja. Na hiyo nayo mtu kaja kuipangusa!"

Zuhura alikuwa ananitazama. Shomari alikuwa anatazama mkeka. Mimi niliyetoka Utende na doti ya kanga na baiskeli ya kung'aa, niliona wazi kwamba nikinyamaza ninaweza kuoa, na nikisema pengine nitarudi kwenye kikombe changu kimoja.

"Mama," nikasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyetia oili. Pale msikitini Kirongwe. Na nilipokutana na mwanao njiani akanisaidia, sikumwambia. Niliona aibu. Niwieni radhi."

Kisha Shomari akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi! Nilidhani utakwenda nayo kaburini. Kitambaa chako kinanuka oili ya cherehani, na pedeli zangu zinanuka oili ya cherehani. Nimekutajia mara mbili nzima. Nikasema, huyu anakuja kumtaka dada yangu, na kusema kweli hajui. Nikamwambia Zuhura, tungoje tuone."

"Kwa nini ulitia?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Nilidhani ni thawabu, Mama."

"Ulimwuliza mwenyewe?"

"Sikumwuliza."

"Na huyu binti yangu," akasema yule mama, "utakuwa unamwuliza, au utamtia oili?"

Zuhura akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Shomari alicheka mpaka akashika nundu yake. Nami, kwa mara ya kwanza tangu Kanga, nikavuta pumzi.

Tulikula wali wa nazi na wale samaki waliobaki. Walikuwa changu, watamu, na kila tonge Shomari alinikumbusha walipaswa kuwa matumboni mwa watu wa Kanga. Baada ya chakula Zuhura akasema lake.

"Mimi sihami Bweni. Mama sitamwacha, na kaka ana nyumba yake na watoto wake. Ndiyo maana nikasema uje kwa baiskeli. Nilitaka uijue njia, kwa miguu yako, ujue unachokiomba."

"Mimi nilidhani wataka kuiona baiskeli."

"Baiskeli si nilikwisha kuiona Utende? Nani asiyeiona hiyo?"

Nikaifikiri njia. Mchanga, mwiba, magoti yangu ya miaka hamsini na minane. Nikakifikiri na kile kikombe. "Nitakuja kila Alhamisi," nikasema, "nitarudi Jumapili."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, Mungu akinijalia afya."

Tukamgeukia Shomari, maana baba yao kafariki na yeye ndiye walii, bila yeye hakuna ndoa. Akasugua nundu. "Mimi sina neno na wewe. Lakini kesho asubuhi unirudishie kelele yangu. Mama akiitambua, tutazungumza."

Bweni

Nimetengeneza majenereta, pampu za maji, hata friji za hoteli. Sijawahi kupata kazi ngumu kama kuiharibu baiskeli ya Shomari.

Tuliiosha kwa mafuta ya taa. Tukaipaka jivu. Shomari akaiendesha kutoka kwenye mikorosho mpaka uani, na Bi Mwanahawa kakaa mlangoni anasikiliza, kiganja sikioni.

"Sio hiyo," akasema. "Hiyo ni ya mtu wa mjini."

Tukaipeleka ufukweni, tukaizungusha cheni kwenye maji ya chumvi na mchanga. Kwa kweli, ilikuwa dhambi kwangu. Tukarudi. Ikatoa sauti, lakini nyembamba.

"Hiyo ina mafua."

Majirani wakaanza kukusanyika. Kila mmoja ana ushauri. Wa kwanza akasema chumvi zaidi, wa pili akasema legeza nati, na bibi mmoja akasema bora nipigwe mimi mwiko tuwe sawa. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Nikaanza kuona posa yangu inaishia kwenye pedeli. Nikachuchumaa mbele ya baiskeli ile, nikaitazama kwa mara ya kwanza bila kuihukumu. Nikaziona springi za siti, nikaona jinsi keria ilivyopinda kwa mzigo wa miaka. Ndipo nikakumbuka wale wazee wa Kilindoni. Baiskeli hii ina kazi.

"Shomari," nikasema, "ilikuwa inalia tenga likiwa tupu?"

Akafikiri. "Tenga haliwi tupu. Nikienda na samaki narudi na unga."

"Basi haina mzigo. Nipakie mimi."

Mtu mzima, kanzu yangu ya posa, nikakaa kwenye keria na miguu nimeikunja kama kuku wa sokoni. Shomari akakanyaga. Hatua ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Tulipofika kwenye mikorosho, chini yangu nikasikia: kwii. Kisha: kwaa. Kwii, kwaa. Kwii, kwaa. Meno yakaniingia ganzi vile vile, na nikamshukuru Mungu.

Bi Mwanahawa akainuka mlangoni. "Shomari huyo!" akasema kwa sauti. "Lakini leo kabeba samaki mkubwa!"

Watu wote wakacheka. Shomari akashusha mguu, akanigeukia, akanipa mkono. "Umepata," akasema. Zuhura alikuwa nyuma ya mama yake, na safari hii hakuficha tabasamu.

Nilipokuwa naaga, yule mama akanishika kiganja, na doti yangu ya kanga keshajifunga. "Na yako wewe inalia vipi?"

"Hailii, Mama."

"Basi nitajuaje umekuja?"

"Nitapiga kengele."

"Kengele kila mpita njia anapiga," akasema.

Kurudi

Nimerudi siku mbili njiani. Kwa Rukia nilipita nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akalia, akaniambia kumbe angeniapisha na mikono. Kilindoni wale wazee wa gogoni wakaiona baiskeli yangu ina vumbi, ina kiraka, na keria ina tenga la korosho na nazi nililopewa Bweni. Wakaikagua. "Sasa hii inafanya kazi," akasema yule wa kidole. Mwenzake akauliza, "Na mke?" Nikawaambia wangoje Ijumaa ya mwezi ujao.

Nilipofika nyumbani nikaiweka ile chupa ya oili juu ya kabati. Pedeli ya kulia nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaikausha juani, nikaipitisha mchangani. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, saa ile ile ya kuisugua. Iliniuma, sitawadanganya. Wiki mbili nzima haikutoa kitu. Ya tatu ikaanza: ng'wii. Moja tu, kwa kila mzunguko, tofauti kabisa na ya Shomari, mtu asichanganye.

Hiyo ndiyo mnayoisikia tangu Kiegeani. Na kama kuna mmoja wenu mwenye huruma na chupa ya oili, akiiona imeegeshwa msikitini, namwomba kwa Mungu apite zake.

Alhamisi iliyopita nimekwenda Bweni tena, mara ya pili tangu ianze kulia, kupeleka habari za siku ya nikaha. Njiani nilishuka mchangani mara nyingi, magoti yananidai. Nilipofika kwenye mkorosho wa kwanza nilikuwa sina hata pumzi ya kupiga hodi. Pedeli ikazunguka mara moja, ng'wii, na kabla sijashuka nikasikia sauti ya kikongwe kutoka uani:

"Zuhura! Tia chai. Mkwe wangu huyo."